Nilichoma karatasi ya dhambi zangu, mbona hasira imerudi?

Bwana asifiwe, Mchungaji.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 43, nauza nafaka hapa Busia upande wa Uganda. Niliokoka nikiwa msichana wa sekondari, na kanisani kwetu mimi ni mweka hazina wa umoja wa akina mama. Sisemi haya kwa kujisifu, ila ujue kwamba anayekuandikia hakuingia kanisani jana.

Kabla ya Pasaka tulikuwa na semina ya siku tatu. Mhubiri alitugawia karatasi, akatuambia kila mtu aandike dhambi zote anazozikumbuka, asifiche hata moja, kisha tutoke nje tuzichome. Mimi niliandika pande zote mbili. Nilipohesabu zilikuwa 41. Hasira, masengenyo, kusinzia wakati wa maombi, uongo mdogo mdogo wa sokoni, kumjibu mume wangu vibaya, wivu, na mengine ya namna hiyo. Tulipozitupa kwenye karai la moto watu walilia, nami nililia. Nikarudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Hazikuisha wiki tatu. Jioni moja napiga hesabu za duka, naona maharagwe yamepungua kilo mbili. Nikamwita binti anayenisaidia. Mchungaji, nilimfokea yule mtoto mpaka wapakiaji wa mizigo wakasimama barabarani kutazama. Nikamkata shilingi 8,000 kwenye mshahara wake. Siku mbili baadaye nikakumbuka kwamba ni mimi mwenyewe niliyempimia mama mmoja wa kwaya kilo hizo, na sikuandika. Nilitubu kwa Mungu usiku ule ule. Lakini kilichonitisha ni kuona hasira ni ile ile, kama vile sikuwahi kuichoma.

Nimeanza kujiuliza kama ndani yangu kuna dhambi iliyojificha ambayo mimi mwenyewe siioni. Mhubiri mwingine aliyekuja kufanya mkutano wa hadhara karibu na maegesho ya malori aliniambia ni laana ya ukoo, kwamba bibi yangu alifunga agano na mizimu, na nikitoa sadaka ya shilingi 500,000 ataivunja. Pesa ninayo, ila moyo umesita.

Kuna jambo jingine, sijui kama linahusika. Mwezi wa pili ilikuwa kwanjula ya mdogo wangu, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani. Huyu mdogo wangu mimi ndiye niliyemsomesha baada ya baba kufariki. Ada ya muhula wa kwanza niliuza cherehani yangu. Nilimnunulia godoro, sanduku, sare jozi mbili, nauli ya kwenda na kurudi kila muhula, na alipoingia chuo cha uuguzi nililipa miaka miwili na nusu bila msaada wa mtu. Siku ya kwanjula alishika kipaza sauti akamshukuru mama, akamshukuru shangazi, akashukuru mpaka jirani aliyeazima viti. Mimi nilikuwa hema la pili, nimevaa gomesi niliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo, nangoja. Hakunitaja. Niliondoka kabla ya chakula, nikasema tumbo linaniuma. Tangu hapo hatujazungumza vizuri, lakini mimi nimeshamsamehe kabisa, sina kinyongo naye. Nilipofika nyumbani mume wangu akasema nakuza mambo, ikabidi nitoe daftari nimwonyeshe, maana yote niliyaandika: shilingi 6,340,000. Akaniambia, "Mama watoto, wewe hujawahi kusamehe mtu, unaahirisha tu." Neno hilo liliniuma. Naona ni la mtu asiyejua nilikopitia.

Siku hizi nikisali naona mbingu ni bati. Naamka saa kumi usiku kupokea malori, nafunga Jumatano na Ijumaa, nakesha na wenzangu, na bado nakauka. Naomba unifundishe: Mkristo anajichunguzaje mpaka aione dhambi yenye mizizi, asiishie kwenye majani? Na hiyo sadaka niitoe?

Dada yako katika Bwana, Busia.

*

Dada yangu mpendwa, Bwana asifiwe sana.

Hiyo laki tano usiitoe. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu wanaotembea miji yetu wakiuza hofu, na mtu anayejichunguza kwa machozi ndiye mteja wao wa kwanza. Ezekieli sura ya 18 yote inawajibu watu waliokuwa wakilalamika kwamba baba zao walikula zabibu mbichi na wao wakatiwa ganzi ya meno. Mungu aliwakatalia: mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Bibi yako atajibu ya kwake. Kinachorithiwa nyumbani ni mazoea, kama lafudhi inavyorithiwa. Ukilelewa na watu wanaohesabu nani alikuja na nani hakuja, nawe utahesabu. Mazoea ya namna hiyo hutubiwa, na kutubu hakuna bei.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Hasira katika orodha yako imepata neno moja. Wivu umepata neno moja, na hukusema unamwonea nani. Lakini ulipofika kwa mdogo wako umetaja cherehani, godoro, sanduku, sare jozi mbili, nauli ya kwenda na kurudi, na jumla mpaka elfu arobaini za mwisho. Unasema hujui kama jambo hilo linahusika, kisha umeliandikia kuliko jambo jingine lolote.

Sikuambii haya ili kukunasa. Ndivyo moyo unavyojitoa nje. Tukiulizwa dhambi zetu tunataja zile ambazo tumekwisha kukubali kuziita dhambi. Ile iliyozama hatuitaji, kwa kuwa hatuijui kwa jina hilo. Tunaijua kwa jina la haki yetu, au uchovu wetu, au mema tuliyotenda. Ndiyo maana mambo 41 yaliungua kwenye karai na jambo la 42 likabaki nyumbani kabatini, limeandikwa kwa mwandiko wako mzuri.

Waulize wakulima wanaokuletea mahindi habari za lumbugu, lile gugu linalotambaa chini ya udongo. Ukiifyeka, shamba linapendeza siku chache. Ukiikatakata kwa jembe chini ya udongo, kila kipande kinachipua, na palipokuwa na shina moja unapata matano. Kinachofaa ni jembe la uma: unainua udongo taratibu, unaufuata mzizi kwa vidole mpaka unapoishia. Kazi hiyo haimalizwi na semina ya siku tatu, wala haifanywi kwa kujighadhibikia.

Basi tuufuate. Anza na yale maharagwe. Kilo mbili. Mfanyabiashara wa miaka mingi haangushwi na kilo mbili, panya wanakula zaidi ya hizo. Jiulize: jioni ile nilidhani nimenyang'anywa nini? Usijibu upesi. Mimi nadhani, na unaweza kunisahihisha, kwamba hukuwa unayafokea maharagwe. Ulisikia ndani yako ile sauti ya siku zote inayosema: nawapa, nao wananila. Yule binti alifokewa kwa deni la mtu mwingine, aliyeshika kipaza sauti mwezi wa pili.

Kuifuata hasira namna hii sikukuvumbua mimi. Nathani aliitumia njia hiyo kwa Daudi, katika 2 Samweli 12. Hakumwambia mfalme ajichunguze. Alimsimulia habari za tajiri aliyechukua mwana-kondoo pekee wa maskini, kisha akamwacha akasirike. Na Daudi akakasirika kweli, akahukumu palepale kwamba mtu huyo alipe mara nne. Dhamiri yake haikuwa imekufa. Ilifanya kazi vizuri sana, ila ilikuwa imekaa dirishani ikiwatazama wapita njia. Hapo ndipo alipoambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Kwa hiyo mtu akiniuliza ataanzia wapi kujichunguza, namwambia atazame ni kosa gani la wengine linalompandisha damu kuliko ukubwa wake. Kwako naliona moja: mtu kupokea bila kukiri kwamba amepokea.

Kisha fungua Luka 15. Mpite mwana mpotevu, huyo umehubiriwa vya kutosha, uende shambani kwa kaka yake. Anarudi jioni anasikia ngoma, anakataa kuingia. Sikia anavyomwambia babaye: nimekutumikia miaka mingapi hii, wala sijakosa amri yako, lakini hujanipa mimi mwana-mbuzi. Huyo naye alikuwa na daftari. Miaka ameihesabu, mbuzi amemhesabu. Karamu ya ndugu yake inaendelea ndani, yeye yuko nje. Dada, wewe uliondoka kabla ya chakula.

Lakini tazama alichofanya baba. Alitoka nje akamsihi. Hakumwita mnafiki, hakuwaambia watumishi wafunge mlango. Hizo mbingu unazoziona bati, mimi naona Baba ametoka kukufuata huko huko ulikosimama, na hili analokuonyesha sasa ndiyo kusihi kwenyewe.

Niiteje dhambi hii? Hasira ni moshi wake tu. Nathubutu kuiita kuwadai watu upendo. Ulitoa kweli, na ulijinyima kweli, sitaki mtu akuambie vinginevyo. Ila ulichotoa hukukiachia. Kila ulichompa mdogo wako ulikifunga kamba mguuni kama kuku wa sokoni, ili siku moja ukivute kirudi. Mtu akiishi hivyo miaka mingi huanza kujiona kwamba riziki ya watu wake inatoka kwake, na hapo amekalia kiti ambacho si chake, tena kwa njia ya matendo mema, ndiyo maana hakuna semina inayomgundua.

Sisemi kwamba mdogo wako hakukosa. Alikosa. Kutamani asante si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alipoponya wakoma kumi na mmoja tu akarudi, aliuliza wale tisa wako wapi. Iko katika Luka 17. Aliumizwa na jambo lile kiasi cha kulisema kwa sauti. Lakini hakumrudishia ukoma hata mmoja wao. Wale tisa waliendelea na safari yao wakiwa wazima.

Na mfano wa Mathayo 18, wa mtumwa aliyesamehewa deni kubwa akakataa kumsamehe mwenzake deni dogo, tunausoma haraka mno, kana kwamba deni la pili lilikuwa la chenji. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo dinari 100 ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Ni deni la kweli, kama hizo milioni zako sita zilivyo za kweli. Ila talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na mtumwa yule alikuwa ametoka kusamehewa talanta 10,000. Piga hesabu, wewe ni mtu wa hesabu: siku milioni 60 za kibarua. Bwana wake hakubisha kwamba mtumwa alikuwa na haki ya kudai. Alichoshindwa kukivumilia ni mtu kutoka na msamaha wa namna ile kisha akamkaba mwenzake koo.

Nayasema haya nikiwa mtu wa daftari. Mama yangu alipofariki mwaka 1998 nilikuwa mchungaji kijana, na daftari la rambirambi nililitia kwenye sanduku la vitabu. Miaka sita mfululizo, kila nilipopata habari za msiba nililifungua kwanza. Nilijiambia naangalia tu nichange kiasi gani. Asubuhi moja tukaletewa habari kwamba mzee mmoja wa kanisa letu amefiwa na mwanawe, nami nikaingia chumbani nikalitoa. Mke wangu akanikuta nimepiga magoti mbele ya sanduku, kidole kikishuka kwenye majina. Akaniuliza, "Humo unamtafuta nani?" Nikasema, huyu mzee hakutoa kitu. Mke wangu akakaa kitandani, akanitazama kwa muda, akasema, "Huyo ndiye aliyechimba kaburi la mama, usiku, mvua inanyesha. Wachimba kaburi hawaandikwi." Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimehubiri juu ya msamaha.

Ona ni nani aliyenionyesha. Ni mtu ninayelala naye nyumba moja. Yeremia 17 inasema moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote, na inauliza nani awezaye kuujua. Basi kuupeleleza moyo kwa moyo ule ule ni kumpa mwizi funguo akulindie ghala. Uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, uliotulea wengi wetu una chimbuko lake mwaka 1929 kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi alipokutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda. Muganda na mzungu, enzi za ukoloni, walikaa na Biblia wakaomba pamoja, kila mmoja akikiri upungufu wake. Desturi yetu ya kutembea nuruni, yaani kuungama waziwazi, ina mizizi katika mikutano ya namna ile, na wazee wetu waliokoka wakarudisha ng'ombe na majembe waliyoiba. Siku hizi nasikitika kuona ushuhuda umekuwa hotuba: tunaungama mbele ya watu mia dhambi za miaka ishirini iliyopita, na mtu wa nyumbani hatumwambii ya jana.

Neno la mume wako lilikuuma kwa sababu lilifika. Huenda alilisema kwa ukali, huenda hakuchagua wakati. Lakini mrudie. Mwulize: ni lini watu wa nyumba hii wananiogopa? Kisha nyamaza mpaka amalize. Usijitetee, na tafadhali usilete daftari.

Jioni ukishafunga duka, jipe robo saa. Jirani zetu Wakatoliki wana urithi mzuri hapa kutoka kwa Ignatius wa Loyola wa karne ya 16, aliyewafundisha wenzake kuichunguza siku yao kwa kuanza na shukrani, kabla ya kutafuta kosa lolote. Mtu wa daftari analihitaji hilo kuliko wote, maana ameandika alichotoa na hakuandika alichopewa. Ile cherehani uliyoiuza ili umsomeshe mdogo wako, wewe uliipata wapi? Nani alikufundisha kuikanyaga? Kaa na swali hilo jioni nzima ya kwanza. Baada ya shukrani, omba maneno ya Zaburi 139, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Angalia kwamba mwenye zaburi hasemi nitajichunguza, anaikabidhi kazi hiyo kwa anayeiweza. Ndipo uipitie siku yako saa kwa saa, ukitafuta pale tu moyo uliporuka: nani alikutaja, nani hakukutaja, ulitoa nini ukangoja. Mambo 41 yaache. Shika hili moja mpaka Mungu akuonyeshe jingine.

Kuhusu mdogo wako, nakuomba kitu ambacho kitakuwa kigumu. Usimpigie simu kumwambia umemsamehe. Hajui kwamba alikuwa anadaiwa, na ukimtangazia msamaha utakuwa umempelekea bili kwa mlango wa nyuma. Mwombe radhi kwa lililo lako: uliondoka kwenye kwanjula yake kabla ya chakula, na ulisema uongo kuhusu tumbo. Basi. Siku nyingine, mkiwa mmepona, unaweza kumwambia kwa upole kwamba ulitamani kutajwa. Madeni ya wateja yadai kama kawaida, duka si kanisa. Zile kurasa za daftari zenye hesabu ya mdogo wako zichane mbele ya mume wako, bila moto na bila mkutano.

Nakuonya kwamba baada ya siku mbili utajikuta unazisoma kwa kichwa. Usidhani umeshindwa. Askofu mkuu wa Uganda, Janani Luwum, alipouawa na utawala wa Idi Amin tarehe 16 Februari 1977, rafiki yake Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alikimbilia Rwanda na mkewe, wakivuka milima kwa miguu. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kudai ni yeye. Ijumaa Kuu ya mwaka ule ule, akiwa ibadani London, alisikia neno la Yesu msalabani, Baba uwasamehe, akatambua kwamba uchungu wake juu ya Idi Amin ulikuwa unamkausha yeye, akalazimika kusamehe. Neno hilo alikuwa amelisikia maisha yake yote na kulihubiri, na bado ilibidi limfikie upya siku ile. Nawe litakufikia mara nyingi.

Jambo moja la mwili. Mtu anayeamka saa kumi usiku, anayefunga siku mbili na kukesha juu yake, si kila ukavu wake ni dhambi. Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili, ndipo wakazungumza. Punguza mkesha. Lala. Na kama usingizi unakataa hata ukipata nafasi, nenda kituo cha afya ukamwone daktari. Ukiona kujichunguza kumegeuka kujitesa, kila jioni unapata dhambi mpya na huna amani kwa ile uliyotubu jana, funga daftari hilo nalo. Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 3, unasema mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote.

Mwisho ni jambo lililonisumbua tangu nilipoisoma barua mara ya kwanza. Unasema ulikumbuka kwamba maharagwe uliyapima wewe, na ulitubu kwa Mungu usiku ule ule. Hukusema kama ulimrudishia binti zile shilingi 8,000. Hukusema kama ulimwambia kwamba hakuiba. Unatafuta dhambi iliyozama chini, na hii imekaa juu ya kaunta. Daftari lako lina ukurasa wa mdogo wako na kurasa za wateja, lakini ukurasa wa wale wanaokudai wewe haumo, na kama ungekuwamo, jina la kwanza lingekuwa la binti huyo.

Walawi sura ya 6 inamtaka aliyechukua cha mwenzake akirudishe chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake; hiyo ni shilingi 9,600. Zakayo alisema mara nne, ambayo ni 32,000. Chagua mwenyewe, ila isiwe chini ya ile ya kwanza. Ulimfokea wapakiaji wakiwa wamesimama barabarani, kwa hiyo usimwite stoo ukamnong'oneze. Kesho asubuhi, wapakiaji wakiwepo, kabla hujapima kilo ya kwanza, mwambie kwa sauti ile ile kwamba kosa lilikuwa lako, na umwekee pesa yake mkononi.

Alhamisi ni siku ya ushirika wetu hapa. Tutakuombea, bila kutaja mji wala duka.